Ndama wa Ng'ombe Aliyeuzwa

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninaposikia kijana akisema anahamisha pesa, ni siku ile baba yangu alipotoa neno lake mbele ya Mzee arap Rono kule Kipkelion. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijafika kwetu, na habari ya Kericho ilifika huku Mogogosiek kwa miguu ya mtu. Nimechoka kulisimulia jambo hili. Lakini nimechoka zaidi kuliona likirudiwa na watu wenye akili zao. Juzi tu mmoja wenu aliketi hapa jikoni kwangu akaniambia anatoa akiba yake mfuko huu wa uwekezaji anaingiza mfuko ule, kwa sababu ule unagawa faida zaidi, na kidole tayari kilikuwa juu ya simu. Kwa hivyo keti. Nitakueleza mara hii moja, kisha ufanye utakavyo.

Tulikuwa tumekwenda Kipkelion kwa koito, yaani mazungumzo ya mahari. Ndugu yangu Langat, anayenifuata kuzaliwa, alitaka kumwoa Chebet, msichana aliyekuwa akishona sare za shule pale sokoni, mpole, mwenye kicheko cha ghafla kilichomfanya kila mtu ageuke. Baba yake Chebet alikuwa amefariki. Aliyesimama mahali pake ni ndugu mkubwa wa marehemu, huyo arap Rono, mzee mrefu asiyependa maneno mengi. Ng'ombe wa ukoo na kondoo hawakuwa na shida, tulikuwa nao. Kilichobaki ni mtamba mmoja wa gredi, ile mbegu ya kizungu yenye maziwa mengi, mwenye mimba, ambaye baba yangu aliahidi kumnunulia mama yake Chebet, maana yule mama alikuwa mjane na alitaka kitu cha kumpa maziwa ya kuuza binti akishaondoka.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeahidi siku, ikatupita. Mama yangu alilazwa hospitali na kila tulichokuwa nacho kikaenda huko. Arap Rono hakusahau. Alimtazama baba akasema, "Siku ya kwanza mtu hupitwa. Siku ya pili anapitwa kwa kutaka."

Baba akasimama. Akasema Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa muhula wa pili, ng'ombe wote watakuwa wamefika pale, na mtamba akiwa mbele. Wazee wakakubali, maziwa ya mursik ya kibuyuni yakazungushwa, tukarudi nyumbani tukiimba.

Sasa nikueleze baba alitegemea nini. Alikuwa ametumika miaka mingi katika kiwanda cha chai, upande wa boila, akilisha moto kuni mpaka kope zake zikawa hazioti tena. Alipostaafu, wenzake wengi walinunua pikipiki na redio kubwa. Yeye alisikia kanisani kwamba kuna kampuni inauza hisa kwa wananchi, akaenda Kericho mjini akanunua. Tangu hapo, kila mwaka mvua ya masika ikishaanza kushika, hundi ya gawio, yaani fungu lake la faida, ilikuja kwa sanduku la posta la shule niliyofundisha. Hazikuwa pesa za kutajirisha mtu. Mwaka mmoja zilikuwa mabati ya zizi, mwaka mwingine zilikuwa tangi la maji. Baba hakuzila kamwe kabla hazijafika, na zikifika alijua tayari zinakwenda wapi. Mwaka huo zilikuwa zinakwenda kwa mtamba wa Kipkelion.

Mimi Rael nilikuwa mwalimu kijana, niliyesoma gazeti kila Jumamosi mpaka ukurasa wa bei za hisa, na mambo ya karatasi ya baba nilikuwa nikiyashika mimi. Hapo ndipo nilipoona kampuni nyingine ambayo gawio lake lilikuwa kubwa kuliko la ile ya baba. Nikaona pia kwamba hisa za baba zilikuwa zimepanda bei. Nikapiga hesabu kichwani nikiwa nasahihisha madaftari: tuuze hizi sasa zikiwa ghali, tununue zile kabla hazijagawa, tupate bei nzuri huku na gawio kubwa kule. Hesabu ilikuwa safi. Ubaya wa hesabu safi, mwanangu, ni kwamba haina matope ya barabarani ndani yake.

Lazima uelewe jambo moja ili ufuate hadithi. Kampuni ikitaka kugawa faida huweka siku ya kufunga vitabu vyake vya wenye hisa. Ambaye jina lake limo siku hiyo ndiye hutumiwa gawio. Ambaye jina lake limeingia kesho yake hungoja mwaka mwingine. Ile kampuni ya baba ilikuwa karibu kufunga vitabu. Ile nyingine ingefunga wiki chache baadaye. Mimi niliona zile wiki chache kama daraja pana la kupitisha hata gari la majani chai.

Nilimweleza baba akiwa anakamua. Alisikiliza mpaka ndoo ikajaa, kisha akaniuliza, "Hiyo ya kwanza imekosa nini?"

Nikamwambia haijakosa kitu, ila hii nyingine ni bora. Akaniuliza tena kama hundi zote mbili zitafika kabla ya siku ya Kipkelion. Nikasema moja tu ndiyo itafika, lakini itakuwa kubwa kuliko tuliyoizoea, na mtamba atapatikana na chenji ya nguo za mama. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo darasani, nao wakiiandika kwa mwandiko mzuri. Baba aliisogeza ndoo pembeni. Naamini alitaka kukataa. Lakini alikuwa amenisomesha kwa jasho, na mzazi aliyesomesha mtoto huona aibu kumwambia hajui. Akasema, "Wewe ndiye unasoma. Fanya."

Nikashuka Kericho kwa wakala wa hisa, kijana wa kutoka kando ya ziwa aliyeitwa Ochieng', mtu wa shati jeupe na sauti ya chini. Sitaki umlaumu. Aliniambia kila kitu. Aliniambia, "Mwalimu, bei unayopata leo ni nzuri kwa sababu gawio liko ndani yake. Ukiuza leo, gawio ni la mnunuzi." Nikasema nimeelewa. Akaniambia pia kwamba kuuza sio kupokea. Cheti cha hisa kitakwenda Nairobi, kikaguliwe, jina libadilishwe, ndipo pesa zitoke, ndipo anunue zile nyingine. Nikamuuliza kama yote hayo yatakwisha kabla ya kampuni ya pili kufunga vitabu.

"Zikienda bila kukwama," akasema.

Mimi nilisikia "zikienda." Hiyo "bila kukwama" ilipita kama upepo. Nikamwachia agizo kwamba pesa zikiingia tu, anunue moja kwa moja asingoje kuniuliza, maana kunifikia kulikuwa kazi.

Zikakwama. Zilikwama kwa herufi moja. Unajua sisi Wakipsigis ulimi wetu haubagui sana kati ya b na p. Baba aliponunua hisa alitaja jina lake, na karani akaandika alivyosikia: Kibsang. Kitambulisho chake kinasema Kipsang. Miaka yote gawio lilikuja kwa jina hilo la b na benki ilikuwa imelizoea. Lakini kuuza ni jambo lingine. Nairobi walirudisha cheti wakitaka kiapo kwamba Kibsang na Kipsang ni mtu mmoja. Nilimpeleka baba kwa chifu, chifu hakuwepo. Tukarudi, tukampata, akatupa barua. Tukaenda Kericho kwa wakili, muhuri wa wakili ukawa umefungiwa kwa kabati na mwenye ufunguo amekwenda kwao. Kisha Pasaka ikaingia, na ofisi zote zikafungwa. Baba alitembea nami siku hizo zote na kofia yake mkononi, akijieleza kwa vijana kwamba yeye ni yeye. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Shule zilikuwa zimefungwa niliposhuka tena kwa Ochieng'. Aliniambia nikae. Nilipoona ameanza na kuniambia nikae, nikajua. Pesa za mauzo zilikuwa zimetoka, naye amenunua hisa za kampuni ya pili kama nilivyoagiza, lakini vitabu vya kampuni hiyo vilikuwa vimeshafungwa. Gawio la mwaka huo lilikuwa limekwenda kwa wengine. La kampuni ya kwanza nilikuwa nimeliuza kwa mkono wangu. Nikamuuliza kama tunaweza kuuza tena tupate pesa za ng'ombe. Akasema tunaweza, ila karatasi zitapita njia ile ile, na siku ya Kipkelion itakuwa imepita zikiwa bado barabarani. Mshika mbili, mwanangu. Unaijua iliyobaki.

Niliwakuta baba na Langat wakirekebisha ua. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi nikikaa sitaweza. Langat alishika nyundo akaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Kisha akaniuliza polepole, "Kwa hivyo iko wapi, hiyo pesa?" Nikasema ipo, haijapotea, iko ndani ya hisa mpya. Akasema, "Nimekuuliza iko wapi." Pesa ambayo haiwezi kununua ng'ombe siku unayomhitaji, hata ikiwepo, iko wapi?

Baba alihangaika wiki hiyo kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Bonasi ya chai, ile ambayo kiwanda hulipa wakulima kama sisi mara moja kwa mwaka, ilikuwa mbali, mpaka mwezi wa kumi. Mkopo wa chama cha akiba alikuwa bado analipa, ule wa hospitali ya mama. Alikwenda kwa binamu zake, nao walikuwa wameshatoa ng'ombe zao kwa ile mahari, ungewaomba nini tena. Kulikuwa na mtu mmoja kule Chepseon aliyekuwa na mtamba hasa wa aina tuliyoitaka, mwenye mimba ya miezi kadhaa, lakini alitaka pesa taslimu, na wa kumlaumu hakuwepo, yeye pia alikuwa na shida zake.

Ndipo hundi ikaja.

Nilikwenda kuangalia sanduku la posta kwa mazoea tu. Bahasha ilikuwa ile ile ya kila mwaka, ya kampuni ya kwanza, na ndani hundi ya gawio kwa jina la Kibsang. Nilielewa papo hapo kilichotokea. Kwa sababu karatasi zetu zilikwama, siku kampuni ilipofunga vitabu jina la mnunuzi lilikuwa bado halijaingia. La baba ndilo lililokuwamo bado. Kwa hivyo wakamtumia yeye. Herufi ile ile iliyotunyima gawio la pili ilikuwa imetuletea la kwanza.

Nilipanda mlima kwenda nyumbani nikiwa sijui kama nalia au nacheka. Mama alipoiona alianza kuimba wimbo wa kanisani. Langat hata hakungoja. Alienda akachukua kamba ya ng'ombe ukutani, akaizungusha begani, akasema twende benki ya Kericho kwanza kisha Chepseon, na kama tutatoka sasa hivi tutamkuta yule mtu kabla hajauzia wengine. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa ndugu yangu. Alinishika bega akaniambia, "Rael, umeniokoa." Hilo ndilo neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nachuma majani, mikono yangu husimama.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni na hundi mkononi. Hakuinuka. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Kisha akaniita karibu.

"Rael. Hii ni yetu?"

Langat alinitazama. Macho yake yalisema yote, na kila mtu pale aliyasikia. Ningeweza kusema ndiyo. Hundi ilikuwa na jina lake. Kampuni ndiyo iliyoituma. Kusema ndiyo hakungekuwa uongo kamili, kungekuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli watu wengi wanaishi nayo maisha yao yote wakienda kanisani. Lakini yule mzee aliniuliza mimi kwa sababu aliniamini, na alikuwa ameniamini mara moja tayari mwaka huo, na unajua tulipofika.

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba bei tuliyouzia ilikuwa na gawio ndani yake, mnunuzi alililipia, na lingefika kwake kama karatasi zetu hazingekwama.

Baba aliiweka hundi juu ya goti. Mama alikuwa ameacha kuimba. Kisha baba akasema, "Mtu akiuza ng'ombe mwenye mimba, na bei ikawa ya ng'ombe mwenye mimba, kisha ng'ombe akazalia kwa muuzaji kabla hajachukuliwa. Huyo ndama ni wa nani?"

Pale kwetu hata mtoto anajua ndama huyo ni wa nani.

Langat akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Baba, huyo mtu hatumjui. Labda ni tajiri wa Nairobi, hata hajui hizi pesa hazikufika. Mimi unanijua. Mimi ni mtoto wako."

"Simjui," baba akasema. "Lakini alilipa."

"Na Chebet je?"

Baba alisema atamwendea Chebet yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kabla ya ile siku, awaambie watu wake ukweli. Alisema hawezi kupeleka kwa mama mjane ng'ombe wa mtu mwingine na kumwita zawadi. Langat akaitua kamba chini, si kwa hasira, aliiweka tu pale kama mtu anayeweka mzigo, akatoka kuelekea kwenye majani chai. Hakurudi kula.

Ndipo baba akanigeukia. Nilikuwa nimengoja anikemee tangu Pasaka, na nikafikiri atanikemea kwa ajili ya hisa. Akasema, "Hesabu yako haikuwa mbaya. Watu wa hisa wanajua kazi yao na wewe umesoma. Ulichokosea ni kimoja. Ulichukua ahadi niliyompa mtu, ukaipandisha juu ya pesa iliyokuwa njiani. Pesa iliyo njiani haina mwenyewe, Rael. Aliyeituma ameshaiacha na anayengoja hajaishika. Usimwekee mtu mwingine maisha yake hapo."

Ni hayo tu. Kisha akaniomba maji ya kunywa.

Nilirudisha hundi kwa Ochieng'. Aliishika akanitazama kwa muda. Akasema kwa kawaida wao huwaandikia watu barua mpaka wanachoka wakidai gawio kama hilo, na wengi hujifanya hawakuzipata. Nikamuuliza mnunuzi ni nani. Akasema hawezi kuniambia. Basi hatukumjua kamwe. Hakutuma salamu wala shukrani, na sidhani alikuwa na habari. Kwake lilikuwa gawio lililochelewa kidogo.

Kipkelion tulikwenda baba, mimi, na mzee mmoja wa rika lake. Arap Rono alitupokea vizuri, tukapewa chai. Baba alieleza kila kitu kutoka mwanzo, hata jambo la hundi, na hakunitaja kwa ubaya. Alisema "tuliuza," alisema "tulichelewa." Akaomba angojewe mpaka bonasi. Wazee wa pale walitazamana. Arap Rono aliweka kikombe chini akasema, "Mzee Kipsang, ukweli wako nimeuona, na nitausimulia. Lakini ukweli haukamuliwi. Shemeji yangu anahitaji ng'ombe."

Akaeleza bila kejeli kwamba kuna familia nyingine iliyokuwa imeuliza habari za Chebet, watu wenye duka, na kwamba yeye aliwazuia mara mbili kwa ajili ya neno la baba. Hatawazuia mara ya tatu. Baba aliinamisha kichwa. Hakubishana. Nadhani angekuwa upande ule angefanya hivyo hivyo.

Chebet alinifuata mpaka langoni. Nilitaka kumwambia kosa ni langu, lakini alitangulia. Alisema, "Mwambie Langat sijamkataa. Mwambie nilingoja mwaka jana na nikangoja mwaka huu, na mama yangu hana mwingine." Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na alikuwa akikivuta kwenye ncha, akikivuta tena. Hakulia, na mimi sikujua nishike mkono wake au niuache. Aliolewa na mtu wa duka kabla ya mwaka kwisha. Nasikia ameishi vizuri. Sijawahi kumuuliza.

Mwaka uliofuata gawio la kampuni mpya lilikuja. Lilikuwa zuri kidogo kuliko la zamani, kama nilivyokuwa nimepiga hesabu. Baba akanunua mtamba, kwa sababu alikuwa amezoea gawio liwe kitu. Langat hakuwahi kumkamua. Alienda akatafuta kazi kwa mashamba makubwa upande wa Sotik, akakaa huko miaka, akaoa akiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Ana mke mwema na watoto wanaoniita senge, yaani shangazi. Tunasalimiana, tunakula pamoja Krismasi. Lakini tangu siku ile ya hundi hakuwahi kuniomba ushauri wa jambo lolote, kubwa wala dogo. Watu hufikiri ndugu huvunjika kwa kelele. Wakati mwingine hupungua tu, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na kila mtu anaendelea kuchota kilichopo.

Tulipomzika baba, Langat aliombwa aseme neno kama mtoto wa kiume. Nilikuwa na hofu na neno hilo. Alisimama akaligeukia kaburi. Kisha akasema, "Baba alininyima kitu kwa ajili ya mtu asiyemjua. Sijui kama alifanya vizuri. Ninachojua ni kwamba kama ningekuwa mimi ndiye yule mtu, nisingelazimika kumwandikia barua kudai changu." Akaketi. Hakunitazama, lakini alikuwa ameketi karibu nami, na hakuhama.

Sasa sikia, mwanangu, maana nimechoka na chai imepoa.

Sikukatazi kuhamisha pesa. Pesa ni kama ng'ombe, wakati mwingine malisho yanakwisha na lazima uhame. Lakini kabla hujabonyeza hicho kitufe, uliza. Uliza siku gani jina lako linatoka huku na siku gani linaingia kule, na usikubali jibu la "upesi." Uliza kama gawio la huku liko karibu, na ukitoka leo linabaki na nani. Uliza na la kule, kama utakuwa umeshaandikwa wanapogawa, au utafika meza imeshapanguswa. Siku ya kukubaliana sio siku ya kumiliki, na kati ya siku hizo mbili kuna wikendi, kuna sikukuu, kuna herufi moja iliyoandikwa vibaya na mtu ambaye hutamwona. Ukiambiwa itakwenda vizuri isipokwama, sikiliza zaidi lile neno la mwisho. Na ile pesa ambayo kuna mtu anaingoja, karo, mahari, dawa, hiyo usiihamishe kabisa mpaka imefika mikononi mwa anayeingoja. Hamisha ile inayoweza kuchelewa bila mtu kulia.

Na kama siku moja kitu kitakufikia kwa jina lako ambacho umeshalipwa bei yake, kirudishe. Sitakudanganya kwamba utafurahi. Mimi nimeishi na jambo hili miaka mingi, na kuna asubuhi ninaona baba alifanya sawa, na kuna asubuhi ninamwona Langat akiiweka ile kamba chini. Kirudishe hata hivyo. Kuwa sawa ni jambo moja na kuwa na furaha ni jingine, na ukingoja yaje pamoja utazeeka umesimama mlangoni.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akupe riziki inayofika kwa wakati wake na moyo wa kuingoja. Awape unaowaahidi subira nawe, na akupunguzie siku za kuwaomba hiyo subira. Jina lako liandikwe vizuri popote litakapoandikwa, na ndugu zako wasikupungukie. Amina.